Bijutie wa Nyawera aliyetengeneza broshi yangu bila kuiweka kwenye balansi

Watu wa Bukavu, huku mashariki ya Congo, mnajua, ukiingia kwa mnunuzi wa dhahabu na kitu chochote kinachong'aa, hujamaliza hata kusalimia kitu kiko tayari kwenye balansi, yaani mizani. Gramu ngapi, karati ngapi, utachukua ao utaacha. Siwalaumu, nyumba nyingi huku zinakula kwa dhahabu ya machimbo ya Kamituga, njo kazi yao. Lakini vitu vyangu mimi ukivipima kwa gramu ni kama havina kitu, na kwa miaka mingi sikuwa na mtu hapa mjini wa kunitengenezea, njo maana naandika kuhusu huyu papa wa Nyawera, mtaa wa hapa mjini, bijutie wa zamani, sonara kama wanavyosema watu wa pwani, ambaye nimempelekea kazi tatu mpaka sasa na zote nimezipata nikiwa na furaha, hata kama ya kwanza ilichelewa mingi sana.

Nieleze kwanza ni vitu gani. Nakusanya switihati. Ni vipambo ambavyo askari alikuwa anamtumia ao anamwachia mtu wake, mama, mke, mchumba, dada. Unachukua beji ya kikosi chake, unaifanya ndogo, unaweka pini nyuma, mwanamke anaivaa kifuani na mtaa mzima unajua wa kwake ameenda vitani. Uingereza vilishika sana kwenye vita ya 1914 mpaka 1918, vya fedha, vya shaba, vingine vimezungushiwa ganda la chaza ao gamba la kasa, na Marekani vikajaa zaidi kwenye vita ya pili, broshi, vidani vya moyo vinavyofunguka na picha ndani, bangili za kuning'iniza vipambo vidogo dogo. Askari wengi walikuwa maskini kwa hiyo vingi ni vya bei ndogo, na mimi njo navipendea hapo, maana hakuna mtu alivivaa kwa kuonyesha utajiri.

Kazi ya kwanza ilikuwa broshi ya mabawa ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, mabawa ya fedha yamelala juu ya kiduara cha ganda la chaza. Juu kuna taji, na taji njo linakuambia umri, maana lile lenye mabega ya mviringo ni la wafalme, lilibadilishwa baada ya malkia Elizabeth wa pili kukaa kwenye kiti, 1953 hivi. Ya kwangu ni ya mviringo. Niliinunua kwenye intaneti kwa mtu wa Uingereza, ikafika Kigali kwenye valizi ya binamu yangu, ikashuka na basi mpaka Kamembe, upande wa Rwanda, ikavuka mto Ruzizi ndani ya mkoba wangu ikiwa imefungwa kwenye soksi. Siku ya tatu pini ikakatika kanisani, nikasikia tu kitu kimeanguka kwenye sementi, roho ikaruka. Ganda halikupasuka, Mungu alisaidia.

Sasa mimi nina kidonda cha zamani. Kuna bijutie mwingine, mji mwingine, jina lake silitaji, nilimpelekea kidani cha moyo nikamwambia rekebisha tu ile bawaba inayofunguka, nikarudi nikakuta kinawaka kama kimetoka kiwandani leo. Alikisugua kwenye mashine. Nyuma kulikuwa kumechongwa herufi mbili na 1943, kwa mkono, unaona kabisa kisu kiliteleza kwenye ile 4. Vyote vimefutika. Na yeye alikuwa anatabasamu, anangoja nimshukuru! Nililipa nikatoka, nililia kwenye taksi. Kwa hiyo nilivyoingia kwa huyu papa wa Nyawera nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Kaofisi kake ni kadogo, ukuta mmoja na meza moja, dirisha njo taa yake. Hakuchukua balansi. Alivaa lupu, kile kioo cha kukuzia, kwenye jicho, akageuza broshi nyuma, akakaa nayo muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pikipiki za nje. Halafu akauliza swali ambalo hakuna bijutie aliwahi kuniuliza.

"Mama, hii kintu nyeupe, ni plastiki ao ni ganda ya mu maji?"

Nikamwambia ganda. Akaweka chalumo yake, ile ya moto wa kulehemu, mbali.

"Kama ni ganda, moto hapana. Na asidi hapana. Nikiisude hapa, ile ganda itapasuka, tutalia sisi bawili."

Kusude njo kulehemu. Wale mnaokusanya mnaelewa kwa nini hapo nilitulia. Ganda la chaza likipata moto linakuwa jeupe kama chokaa na kupasuka, na likiingia kwenye asidi ya kusafishia linaliwa, hata siki tu inalila. Emayi, ile rangi ya kioo iliyochomwa juu ya metali, inatoka vipande. Na plastiki ya zamani, ile wanaita seluloidi, inashika moto kama karatasi yenye petroli. Mabijutie wengi huku wamezoea dhahabu, na dhahabu inavumilia kila kitu, kwa hiyo mkono unakimbilia moto kabla ya kichwa. Huyu alifungua kale kamrija ka bawaba kwa koleo nyembamba, akatoa kipande cha pini iliyokatika, akaingiza waya mpya, akaichonga ncha kwa tupa, akafunga. Hakuna moto hata kidogo. Akaniuliza: "Nikusuguliye?" Nikasema hapana papa, tafadhali. Akaitika kwa kichwa, "Muzuri. Hii weusi mu katikati ya manyoya, njo inafanya mabawa ionekane. Ukiitosha inabakia kama kijiko." Kama kijiko! Nimesoma maelezo marefu ya wakusanyaji wa Ulaya kuhusu kutosugua fedha ya zamani na hakuna aliyesema vizuri hivyo.

Dola 8 kwa kazi ile. Aliniambia siku tatu, nikaipata baada ya wiki mbili, na hapo sikufurahi, nilipita mara nne na kila mara umeme hakuna ao yeye hayupo, na namba aliyonipa ilikuwa ya mtoto wake ambaye yuko Uvira. Hiyo ajue arekebishe.

Kazi ya pili ilikuwa bangili ya Kimarekani, ile ya kuvutika, ina moyo unaofunguka na juu yake mabawa ya jeshi la anga. Nyuma imepigwa 1/20 12K GF. Wanunuzi wawili wa dhahabu hapa mjini walishaniambia ni ya uongo, mmoja alikuwa ameshatoa na jiwe lake aikwaruze, nikamnyang'anya. Si ya uongo, ni vile tu ilivyoandikwa: sehemu moja kwa ishirini ya uzito ni dhahabu ya karati 12, imebandikwa juu ya metali ya kawaida. Pigeni hesabu. Kama kipande kina gramu 6, hiyo dhahabu ya karati 12 ni gramu 0.3, na karati 12 ni nusu, kwa hiyo dhahabu safi iko gramu 0.15. Kwa mnunuzi ni kupoteza muda wake. Papa alitazama tu pembeni pale ngozi ya dhahabu imeisha na shaba inachungulia, akasema hii mama aliivaa kila siku, angalia imeisha upande wa ndani pale mkono unapogusa meza. Sikuwa nimeona hilo, na nina bangili hiyo mwaka mzima! Akanyoosha viungo viwili vilivyokuwa vimejipinda, dola 5, nikasubiri palepale.

Tuliongea mingi siku ile kwa sababu nilikuwa nimebeba pia ka V kekundu ka plastiki, kana nukta tatu na kistari, ile herufi V kwa alama za Morse. Kwanza niseme watu wengi wanafikiri V ya ushindi ilianza na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, lakini aliyeitangaza kwenye redio ni Mbelgiji, Victor de Laveleye, kwenye matangazo ya BBC ya Januari 1941, kwa sababu inaanza neno la ushindi kwa Kifaransa na neno la uhuru kwa Kiflamandi. Papa akauliza, kwa nini watu matajiri kama Wamarekani walivaa plastiki? Nikamweleza kwamba metali zilienda vitani, shaba ilikuwa ya risasi na nyaya, watengenezaji wa vipambo wakazuiwa, njo maana vitu vya miaka ile ni fedha ya sterling ama mbao, ganda, plastiki. Hata senti yao ya 1943 waliifanya kwa chuma. Akafungua droo, akatoa bati la sigara, akamwaga mezani, akachagua kasarafu kenye pembe sita kana tembo, franka 2 ya Congo ya Wabelgiji, 1943. Hiyo ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa imeshikwa na Wajerumani, na ni ya shaba iliyochanganywa na zinki! Mwaka uleule, nyumba ileile ya kupiga sarafu, wao chuma na sisi shaba. Wakati shaba ya Katanga inaenda kwa Washirika, Uingereza, Marekani na wenzao, kwa ajili ya vita. Nilikaa kimya. Mtu fulani zamani alikuwa ametoboa juu ya tembo akaweka pete ya kuning'inizia, na tundu limelika upande mmoja, maana yake lilivaliwa miaka na miaka. Dola 5, nikanunua bila kubishana bei, na mimi nabishanaga bei ya nyanya.

Kwenye mkusanyo wangu kitu ninachokishika kwa heshima kubwa ni pini ndogo ya Kimarekani yenye nyota ya bluu. Desturi hiyo ilianza 1917, bendera dirishani ao pini kifuani, nyota ya bluu maana yake mtoto wa nyumba hii yuko jeshini, na akifa inawekwa ya dhahabu. Mama alikuwa anavaa nyota huku anaomba isibadilike rangi. Kila nikiishika nawafikiria wamama wa huku. Kila mtu Bukavu anajua Camp Saio, kambi ya jeshi, tunapita pale kila siku, na wengi hawajui jina limetoka wapi: Saio iko magharibi ya Ethiopia, leo inaitwa Dembi Dolo, njo pale Julai 1941 askari wa Force Publique, jeshi la Congo ya Wabelgiji, waliotoka Congo wakipitia Sudani, walimfanya jenerali wa Italia, Gazzera, asalimu amri. Wake zao na mama zao hakuna duka liliwauzia nyota wala mabawa.

Koko wangu, bibi yangu, alikuwa na kifungo. Kifungo cha shaba cha koti, babu alikikata mwenyewe akampa kabla ya kuondoka, na alirudi, lakini koko aliendelea kukivaa kwenye kamba shingoni chini ya nguo. Mama yangu alikitunza kwenye kikombe. Hiyo njo kazi ya tatu, na nilimpelekea papa nikiwa na wasiwasi kuliko zote, nikitaka akigeuze broshi mama aweze kukivaa. Alikataa kukilehemu. Alisema nyuma kuna kale kapete ka kushonea, "na ndani ya ile kapete kuko uzi ya zamani, mama, uliona?" Kulikuwa na uzi kweli, mweusi, umebana ndani, sijui ni wa koti ao ni wa kamba ya koko. Moto ungeula. Akatengeneza kiota kidogo cha waya wa fedha chenye kucha nne zinazokishika kifungo kwa pembeni, pini iko kwenye kiota, ukitaka unafungua kucha na kifungo kinatoka kama kilivyoingia, na uzi wake. Dola 20, na ule waya wa fedha ni wake mwenyewe. Kwangu hiyo kazi ni ya mtu mkubwa.

Mabaya niyaseme pia. Hatoi karatasi usipoomba, kwa hiyo omba, na piga foto ya kitu chako mbele na nyuma kabla ya kukiacha, siyo kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu bati lile la sigara lina vitu vya watu kumi ndani. Emayi iliyotoka hawezi kuirudisha na anakuambia ukweli. Minyororo hana. Na vitu vya kuiga vinaingia kwenye bati lake bila yeye kujali, niliona beji moja ya kumiminwa, ina vitundu vitundu na manyoya yamelainika kama sabuni, wakati za kweli nyingi zimepigwa kwa chapa na mistari ni mikali, kwa hiyo jicho lako uende nalo.

Nenda asubuhi, mwanga wa dirisha ni mzuri mpaka saa sita hivi. Ukitoka Nyawera uliza bijutie mzee mwenye lupu, wale vijana wa pale watakuonyesha. Mama amevaa kifungo Jumapili mbili sasa, upande wa kushoto wa kitambaa chake, na jirani wa benchi amemuuliza ni cha nani.