Cocker Spaniel wa nyumbani: yupi wa kununua, yupi wa kuacha

Wengi humchagua mbwa wa aina ya Cocker Spaniel kwa picha: masikio marefu, macho ya huruma, mkia usiotulia. Lakini utaishi na tabia yake kwa miaka 12 hadi 14, na tabia hiyo unaweza kuikisia mapema ukimchunguza mama yake. Ndiyo maana hapa tumewapanga cocker kwa nafasi tano kwa kuangalia tabia kwanza, masikio pili, kazi ya manyoya tatu. Sura na rangi tumeziweka mwisho.

Umaarufu wake una sababu. Ana kilo 13 hadi 14.5 na urefu wa sentimita 38 hadi 41 begani, kwa hiyo anaenea hata kwenye nyumba ndogo. Anapenda watu, na hujifunza upesi kwa kuwa vizazi vyake vilifugwa kuwatimua ndege vichakani na kumrudishia mwindaji windo mkononi bila kuliharibu. Uingereza hakosekani miongoni mwa aina zinazosajiliwa kwa wingi, na katika Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya huko, ametwaa ushindi mkuu mara 7, sita kati ya hizo zikienda kwa mfugaji mmoja, H. S. Lloyd, kati ya 1930 na 1950. Marekani, cocker wa huko aliongoza orodha ya usajili kuanzia 1936 hadi 1952, kisha tena 1983 hadi 1990. Umaarufu huo ulimponza. Watu walizalisha mbwa yeyote mwenye manyoya mengi ili kuwahi soko, bila kujali kama mama ni mwoga au anauma, na cocker wengi wa vipindi hivyo wakawa wakali na wenye hofu. Soko likiwa moto popote pale, jambo hilo hujirudia.

Kabla ya kuchagua

Cocker si mlinzi. Atabweka mgeni akigonga geti, kisha atamkaribisha. Pia hafai kufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, kama mbwa wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanavyofugwa. Ukimtenga na watu atabweka kutwa, atajitafuna miguu, na upole wake utaisha. Kama kwenu mbwa haingii ndani, kwa sababu ya dini au desturi, chagua aina nyingine. Na kama nyumba huwa tupu kwa zaidi ya saa nne mfululizo kila siku, tafuta kwanza mtu wa kukaa naye.

Nafasi ya 1: cocker wa Kiingereza wa ukoo wa maonyesho

Huyu, ambaye wazazi wake huzalishwa kwa ajili ya maonyesho ya mbwa, ndiye tunayempendekeza kwa familia inayofuga mbwa kwa mara ya kwanza. Ana utulivu kuliko ndugu yake wa kuwindia, saa moja ya matembezi na michezo kwa siku inamtosha, na manyoya yake ni machache kuliko ya cocker wa Kimarekani.

Kuna mtego kwenye karatasi. Chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, husajili ukoo wa maonyesho na ukoo wa kuwindia kwa jina moja, kwa hiyo cheti cha usajili pekee hakikwambii umepewa yupi. Fungua orodha ya mababu. Majina yaliyotanguliwa na "Sh Ch" ni ya washindi wa maonyesho. Yenye "FTCh" ni ya washindi wa mashindano ya uwindaji. Ukoo uliojaa FTCh utakuletea mbwa wa kuwindia, wa nafasi ya 5, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mpole.

Mwombe muuzaji majibu ya vipimo vya vinasaba vya wazazi wote wawili. Viwili ni vya lazima: prcd-PRA, ugonjwa unaoharibu retina taratibu hadi mbwa anapofuka, na FN, ugonjwa wa figo wa kurithi ambao humuua mbwa mchanga, mara nyingi kabla hajafikisha miaka miwili na nusu. Yote miwili humpata mtoto aliyerithi kasoro kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Basi inatosha mzazi mmoja awe safi kabisa: watoto wanaweza kuwa wabebaji, lakini hawataugua. Wazazi wote wakiwa wabebaji, ondoka. Karatasi ya daktari inayosema tu "mbwa ana afya njema" haichukui nafasi ya vipimo hivi. Ongeza kipimo cha macho cha kuangalia hatari ya presha ya macho, kwa kuwa cocker wana udhaifu huo.

Kuhusu rangi, mwaka 1996 watafiti Anthony Podberscek na James Serpell walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza wenye cocker wa Kiingereza: wenye rangi moja mwili mzima walionekana wakali zaidi kuliko wenye mabaka. Hilo halimaanishi kila cocker wa dhahabu ni mkorofi. Wengi ni wapole sana. Ila kama una watoto wadogo na umepewa watoto wawili wa mbwa walio sawa kwa mengine yote, mchukue mwenye mabaka. Mama mwoga mwenye mabaka bado ni chaguo baya kuliko mama mtulivu wa dhahabu.

Namna ya kumpima mama: ingia na ukae chini bila kumwita. Mama mzuri atakuja mwenyewe, mkia na kiuno vikicheza, akunuse, kisha arudi kwa watoto wake. Mwombe mwenyewe amwekee mfupa au bakuli la chakula, kisha apite karibu naye na kudondosha kipande cha nyama humo. Akikakamaa, akila kwa pupa huku akikutazama kwa pembe ya jicho, au akinguruma, ana tabia ya kulinda vitu. Tabia hiyo ni ya kawaida kwa cocker, na ndiyo chanzo kikubwa cha watoto wa binadamu kuumwa. Akijificha nyuma ya kochi asitoke kabisa, usinunue mtoto wake. Ukiambiwa mama hayupo, yuko shamba au amelala, usinunue. England, tangu Aprili 2020, sheria imekataza wafanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Mnunuzi anapaswa kumwona mtoto pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Afrika Mashariki jiwekee sharti hilo mwenyewe.

Nafasi ya 2: cocker mtu mzima anayetafutiwa nyumba mpya

Wengi humruka, na tunaona wanakosea. Mbwa wa miaka miwili hadi mitano ameshaonyesha tabia yake yote, amejua kujisaidia nje, na kasoro nyingi za kurithi zingekuwa zimeanza kujitokeza. Wengi huachwa kwa sababu za wenyewe: uhamisho wa kazi, talaka, kurudi kwao. Nairobi, ulizia KSPCA, chama cha kutetea wanyama cha Kenya, na kwa madaktari wa mifugo wanaohudumia familia zinazohama.

Swali la kumbana nalo mwenyewe ni moja: "Mara ya mwisho alinguruma lini, na alikuwa ameshika nini?" Anayejibu "hajawahi hata siku moja" huenda hakumwangalia vizuri. Jibu la kina, kwa mfano "akiiba soksi, lakini huiachia ukimpa biskuti", ni dalili njema. Kisha nusa masikio yake, na umwombe mwenyewe ayashike mbele yako. Mbwa anayeruka au kulia akiguswa sikio huenda ana maumivu ya muda mrefu, na unaweza kujikuta unalipia upasuaji.

Nafasi ya 3: cocker wa Kimarekani

Ni mdogo zaidi: dume huwa na sentimita 38 hivi, jike 36, uzito kilo 9 hadi 14. Kichwa ni cha mviringo, pua fupi, macho makubwa. Chama cha mbwa cha Marekani kilimtenga na wa Kiingereza mwaka 1946. Akitoka kwa mfugaji makini ni mbwa mtamu, tena wa kubebeka. Ameshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya manyoya yanayofika chini na masikio yanayougua vibaya kuliko ya cocker wa Kiingereza. Uliza pia kuhusu magoti yanayoteguka na mtoto wa jicho. Kwa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, hatumshauri mtu asiye na mnyoaji wa mbwa wa uhakika.

Nafasi ya 4: mchanganyiko wa cocker na mbwa wa aina ya poodle

Wauzaji husema hapukutishi manyoya na ana afya kuliko wazazi wake. La kwanza halina uhakika, kwa kuwa watoto wa mama mmoja hutofautiana manyoya. La pili halijathibitika: utafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha Uingereza, uliochapishwa 2024 haukuona kwamba michanganyiko ya aina hii ina afya bora kwa jumla kuliko mbwa wa aina walikotoka. Na asiyepukutisha, manyoya yake husokoteka. Asipochanwa kila siku, dawa ni kumnyoa hadi kwenye ngozi. Vipimo ni vilevile, na cha prcd-PRA kinahitajika kwa poodle pia.

Nafasi ya 5: ukoo wa kuwindia

Kwa mkimbiaji au mwenye shamba angekuwa wa kwanza. Katika nyumba ya ghorofa ni mateso kwa wote. Anahitaji saa mbili za kazi inayotumia pua na akili, na asipoipata ataitafuta kwenye mto wa kochi.

Masikio

Sikio la cocker linaning'inia na kufunika tundu, ndani kuna nywele na tezi nyingi za nta, hewa haipiti. Joto na unyevu hukuza fangasi na bakteria. Mwenye mbwa hutia dawa siku tatu, harufu ikipungua anaacha, ugonjwa unarudi. Baada ya miaka kadhaa ya mzunguko huo tundu huvimba na kuwa gumu, dawa haipenyi tena, na daktari hulazimika kuliondoa lote kwa upasuaji.

Kila wiki fanya hivi: kata nywele za upande wa ndani wa sikio na kuzunguka tundu kwa mkasi wenye ncha butu. Jaza tundu kwa dawa ya kusafishia uliyopewa na daktari, sugua shina la sikio kwa nje sekunde 30 hadi usikie sauti ya majimaji, mwachie atikise kichwa, kisha futa kwa pamba unayoweza kuifikisha kwa kidole tu. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Baada ya kuoga au kuogelea, kausha. Ukiona ute wa kahawia, harufu kama ya chachu, au kichwa kimeinamia upande mmoja, nenda kwa daktari kabla ya kutia chochote, kwa sababu kama kiwambo cha sikio kimetoboka baadhi ya dawa humfanya kiziwi.

Nunua bakuli refu lenye mdomo mwembamba, masikio yabaki nje wakati anakula. Ni kitu cha bei ndogo, lakini masikio yanayochovywa kwenye chakula mara mbili kwa siku hayawezi kukauka.

Manyoya, kupe na chakula

Mchane kila baada ya siku moja, kwa brashi kisha kitana cha chuma, hadi ngozini. Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya mapaja. Kunyolewa ni kila wiki 6 hadi 8. Ukimhasi au kumfunga kizazi, manyoya ya cocker wa Kiingereza mara nyingi hugeuka kama sufu na kazi huongezeka. Jua hilo mapema.

Kwetu kupe ni hatari kubwa: hujificha ndani ya sikio na katikati ya vidole, na huleta homa inayoua. Mpe kinga ya kupe mwaka mzima, na umpapase kila jioni. Akikataa chakula, fizi zikawa nyeupe au damu ikamtoka puani, usisubiri kesho. Kiangazi angalia pia mbegu za nyasi kati ya vidole. Zikishapenya ngozi husafiri ndani na kutengeneza jipu.

Cocker hula kama hajaona chakula wiki nzima. Pima kwa mizani, si kwa macho, na hakikisha unazihisi mbavu zake ukimpapasa. Makombo ya mchuzi yana kitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa.

Siku ya kumchukua

Asiwe chini ya wiki 8. Awe na kadi ya chanjo iliyogongwa mhuri na daktari. Chanjo za mwanzo hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Mbebe kifuani dakika moja: anayehangaika kidogo kisha akatulia ni bora kuliko anayeuma au anayeganda kama jiwe. Angalia kitovu kama kuna uvimbe, kope zisigeuke ndani, na kona ya jicho isiwe na kinyama chekundu kilichotokeza. Andikishianeni kwamba daktari wako atampima ndani ya saa 48, na akikuta kasoro ya kuzaliwa utarudishiwa fedha zako. Muuzaji akikataa kutia saini hapo, muachie mbwa wake.