Chaja ya gari isiyochomoka: ipi ununue, ipi uiache dukani

Dereva mwenye chaja legevu anaujua mlio huu: tii. Gari linapanda tuta, simu inalia tii, skrini inawaka, alama ya kuchaji inatokea. Mbele kidogo kuna shimo, tii tena. Nilikaa na chaja ya namna hiyo miezi kadhaa, nikiisukuma kwa kidole gumba kila nikibadili gia, mpaka safari moja ya usiku nilipofika na simu yenye asilimia nne wakati niliichomeka tangu naondoka. Tangu siku hiyo, nikienda kununua chaja naangalia inavyoshika kwanza, wati baadaye.

Tatizo liko kwenye tundu lenyewe. Asili yake ni tundu la kuwashia sigara, yaani lilitengenezwa kwa ajili ya kiwashio ambacho kikishapata moto kinaruka chenyewe. Leo tunalitaka lishike kitu saa nane mfululizo. Sasa tazama plagi ya chaja yako. Mbele ina ncha yenye springi, inayogusa chanya kule chini ya tundu. Pembeni ina mabawa mawili ya bati yanayogusa ukuta wa tundu, ambao ni hasi. Ile springi ya ncha inaisukuma plagi itoke nje muda wote, na kinachoizuia ni mabawa hayo tu. Yakichoka, au yakiwa membamba tangu kiwandani, chaja inarudi nyuma taratibu, tuta baada ya tuta.

Kuna na jambo la vipimo. Matundu haya yana saizi mbili: moja ina kipenyo cha karibu milimita 21, nyingine karibu milimita 21.5. Nusu milimita inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayofanya chaja iliyobana sawasawa kwenye gari la jirani yako ichezecheze kwenye lako. Kwa hiyo ushauri wa "nunua kama hii yangu" usiuamini mpaka umeichomeka kwenye gari lako.

Kabla hujatoa hela

Chomeka chaja uliyonayo kwenye tundu jingine, kama gari lina la nyuma au la kwenye buti. Ikishika vizuri huko, mgonjwa ni tundu la mbele, na hata ukinunua chaja tatu hutapona. Zima gari, mulika ndani kwa tochi. Mimi niliwahi kukuta sarafu imelala chini kabisa, na nilikuwa na bahati kwamba fyuzi haikuwa imeungua. Vumbi na makombo pia huinua plagi isifike chini. Chomoa fyuzi ya tundu kwanza, kisha futa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, acha pakauke. Usiingize bisibisi kwenye tundu lenye umeme. Ncha ikigusa chini na ubavu wake ukagusa ukuta, hiyo ni shoti. Tundu likiwa limepanuka kweli, fundi umeme wa magari analibadilisha na kuweka jipya, wala si kazi kubwa.

Na ile mbinu ya kuzungushia karatasi ya foili ili plagi ibane, achana nayo. Foili inapitisha umeme. Ikichanika na kipande kikafika kwenye ncha, utaunguza fyuzi, na hayo ndiyo madhara yake madogo kabisa.

Nafasi ya kwanza: chaja fupi inayozama

Hii ndiyo ninayowashauri watu wengi. Inaingia yote, uso wake unabaki sawa na mdomo wa tundu au unazidi kidogo tu. Ubora wake ni kwamba haina kichwa cha kutikisika. Kitu kirefu kinachoning'inia nje kinafanya kazi kama mtaimbo: kila tuta linakisukuma juu na chini, na mabawa yanapanuka kidogo kidogo. Kifupi hakina pa kushikwa, wala goti la abiria halikipati.

Ukiwa dukani, bonyeza mabawa kwa vidole viwili. Yarudi kwa nguvu, na yawe mapana, si vijiti vya waya. Bonyeza na ncha: irudi bila kukwama, lakini isiwe ngumu kuliko mabawa. Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na hakihitaji kusoma maandishi ya boksi.

Kasoro zake ni mbili. Kuitoa ni shida, hivyo tafuta yenye kipete au mkia wa kuvutia. Pili, chaja ndogo yenye wati nyingi hupata joto. Vuguvugu si neno, lakini isikuchome ukiigusa.

Ya pili: soketi ya USB ya kufungwa moja kwa moja

Kwa anayeendesha kutwa, teksi au gari la mizigo, hii naipandisha hadi namba moja. Unatoa tundu la sigara au unatoboa mahali pengine, unaweka soketi ya USB inayofungwa kwa nati kwa nyuma, waya unapita kwenye fyuzi yake. Hapo hakuna plagi ya kuchomoka tena. Kwa wengine imeshuka nafasi moja kwa sababu inahitaji fundi na haihami ukiuza gari. Chagua yenye swichi, au iunganishwe na umeme unaokatika ukizima gari, la sivyo taa yake itaendelea kula betri usiku kucha. Lori la volti 24 linahitaji iliyoandikwa 12–24V, na hili ni la chaja zote, si hii peke yake.

Ya tatu: plagi yenye waya na kisanduku

Plagi nyepesi tunduni, waya, halafu kisanduku chenye matundu kadhaa unachokibandika pembeni ya kiti au kwenye dashibodi. Uzito unakaa kwenye kisanduku, plagi haibebi kitu. Kwa familia yenye simu nne ni suluhisho zuri. Ila kibandike kweli. Kisanduku kinachoning'inia kitaivuta plagi siku nzima.

Ya nne: chaja ya kawaida ya plastiki, yenye kichwa kirefu

Inafanya kazi ikiwa mpya. Sina zaidi.

Ya mwisho: chaja yenye shingo ya kushikia simu

Ile ya bomba linalopindika, juu kuna mkono wa kubeba simu, mara nyingine na redio ya FM na kioo cha kuonyesha volti. Dukani inavutia mno. Barabarani, uzito wote wa simu unaning'inia kwenye mabawa mawili ya bati, mwishoni mwa shingo ndefu. Hata tundu lisilo na kasoro litalegea. Kama unataka kishikio, nunua kishikio cha kubandika, na chaja ikae peke yake.

Wati nimezichelewesha makusudi. Soketi nyingi zimeandikwa 120W, na simu nyingi hazifiki huko. Yenye USB-C ya wati 20 au 30 inamtosha mtu wa kawaida. Chaja ya wati 60 inayogusa na kuachia itachaji kidogo kuliko ya 18 iliyotulia, na mguso legevu hutoa cheche na joto. Ukichomoa chaja ukakuta ncha imekuwa nyeusi au plastiki imelainika, itupe hata kama bado inawaka.

Na usisahau kebo. Zile za kujikunja kama springi huvuta plagi muda wote, hata gari likiwa limesimama. Nunua iliyonyooka, yenye urefu wa kufika simu ilipo na kubaki imelegea kidogo. Kisha tumia gari lenyewe kama mizani: chomeka, shika kichwa cha chaja, kitikise kushoto na kulia huku ukiitazama taa yake. Ikipepesa, mrudishie muuzaji kabla hujalipa.