Mustang GT au M4? Uzoefu wangu wa miaka mitatu Malindi

Miaka mitatu sasa naendesha Mustang GT, gari la Kimarekani la Ford, hapa Malindi. Nyumbani ni Shela, hii yetu, si ile ya Lamu. Swali ninaloulizwa kila mahali, kwenye kituo cha petroli, nje ya msikiti, hata matangani, ni lile lile: kwa pesa zile, si ungechukua la Kijerumani? Jibu langu ni hapana, na nikirudishiwa pesa zangu leo nitanunua hili hili. Lakini sijibu kwa ushabiki. Shemeji yangu ana BMW M4, nimeiendesha vya kutosha, na kwa mambo kadhaa gari lake linalishinda langu wazi.

Kwanza habari za kununua, maana hapo ndipo wengi huteleza. Langu ni la 2017, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.0 isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada, gia sita za mkono, limetoka Uingereza. Mwenye ndoto ya Wamarekani wengine, Dodge Challenger au Chevrolet Camaro, namsihi aiweke kando. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, na hayo kiwandani yalitoka na usukani wa kushoto tu. Mustang nayo ilikuwa hivyo hivyo tangu 1964. Kizazi cha 2015 ndicho cha kwanza ambacho Ford walikiundia usukani wa kulia kule kule kiwandani Flat Rock, Michigan. Ukiongeza sheria yetu ya gari kuukuu lisizidi miaka minane, uwanja wa kuchagua unabaki mdogo sana.

Halafu kuna kodi. Ukubwa wa injini yangu ni sisi (cc) 4951, wa ile M4 ya shemeji ni 2979. Wajerumani wamekaa chini ya 3000 kwa sisi 21 tu, na hizo 21 zina uzito wake bandarini Mombasa: injini ya petroli ikivuka 3000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35, ikiwa chini ya hapo lakini imepita 1500 ni asilimia 25. Kwa hiyo Mustang unainunua kwa bei nafuu kule, kisha sehemu ya unafuu ule inaliwa bandarini. Mimi bado nilitoka na akiba, lakini si ile niliyokuwa nimeipigia hesabu.

Sasa barabarani. Mwaka jana tulialikwa harusi Lamu, tukaenda na magari yote mawili. Tulitoka Malindi baada ya swala ya alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki ukungu ungali umelalia mto, tukashika njia ya Gongoni. Gari lenyewe kisiwani huingii nalo, unaliacha Mokowe ukapanda boti, lakini lami kutoka Garsen hadi huko siku hizi ni safi. Garsen tukasimama kunywa chai. Shemeji akaweka funguo zake mezani, kando ya sahani ya mahamri, akanisukumia. "Haya shemeji, leo tumalize ubishi."

Nikaingia kwenye M4. Wallahi ni gari. Nguvu zake za kusokota, Nm 550, zinaanza injini ikiwa kwenye mizunguko 1850 kwa dakika, kwa hiyo ukigusa tu mgongo unabanwa kitini. Ni jepesi kuliko langu kwa kama kilo 200. Kutoka kusimama hadi 100 linachukua sekunde 4 na kitu, langu 4.8. Breki zake zinashika pale pale unapotaka, na usukani unakutii kabla hujamaliza kuwaza. Ningekuwa naishi penye milima na kona, mjadala ungeishia hapo.

Lakini Garsen hadi Witu kona ziko wapi? Njia imenyooka. Kilomita chache, kizuizi cha polisi. Kilomita chache tena, ng'ombe wa Waorma wanavuka bila haraka, nawe unazima redio unangoja. Nikajikuta naenda 80, gari kimya kabisa, kama farasi wa mashindano aliyefungwa kwenye mkokoteni. Ili M4 ikupe kile ulichoilipia, lazima uipeleke mwendo ambao barabara zetu, sheria zetu na mifugo ya watu haviruhusu. Nilipotazama kioo cha nyuma nikamwona shemeji ndani ya Mustang yangu, kwa mwendo ule ule wa 80, anacheka peke yake. Meno yote nje.

Hicho ndicho nilichokuja kukieleza. Raha ya V8 ya Kimarekani iko chini, kwenye mwendo wa kila siku. Gia ya tatu, kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, mizunguko haijafika mbali, na injini unaihisi kwenye nyayo. Hakuna turbo ya kungojea. Mguu ukishuka nusu inchi, gari linajibu nusu inchi. Na ule mngurumo una sababu yake. Krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imepindwa kwa pembe za digrii 90, kwa hiyo silinda za upande mmoja hazipokezani kwa zamu zilizo sawa, ndiyo unasikia mdundo wenye kukatika, kama ngoma inayopigwa na watu wawili. Asubuhi nikiliwasha, naliacha dakika moja lishuke sauti kabla sijatoka kwenye kichochoro, kwa heshima ya majirani.

Suala la fundi kwangu ni zito kuliko hata mwendo. Kabla ya hili nilikuwa na gari la Kijerumani la milango miwili, aina yake sitaitaja. Siku moja ya Ramadhani bomba la plastiki la maji ya kupozea injini lilipasuka nikiwa Matsangoni na mama yangu, imebaki saa moja kufuturu. Tulifuturu kwa tende za mpita njia, Mwenyezi Mungu amlipe. Bomba lenyewe lisilozidi urefu wa kiganja nililingoja wiki tatu, na kulifikia ilibidi nusu ya vitu vya mbele vivuliwe. Fundi wangu alipofungua bonet ya Mustang mara ya kwanza alizunguka kimya, akainama, kisha akasema, "Bwana, hapa mkono unaingia." Plagi ziko juu, anazibadilisha mwenyewe hapa hapa Malindi. Oili ni lita 7.6, jiandae. Vipuri pia huagizwa kutoka nje, siwezi kukuficha, lakini bado sijakaa wiki tatu nikingoja bomba.

Mafuta linakunywa, na hapa sina la kulitetea. Mjini napata kilomita sita kwa lita, safari ya Mombasa nane nikitulia. Shemeji anapata kumi njia hiyo hiyo. Nafuu yangu ni kwamba kitabu cha gari hili cha toleo la Marekani kinakubali petroli ya kawaida ya kule, oktani (kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati) 87 kwa hesabu yao, ambayo kwa hesabu yetu ni kama 91. M4 inatakiwa ipewe ya juu zaidi, na shemeji huisaka hadi Mombasa.

Ubaya mwingine. Pua ni ndefu na iko chini, kwa hiyo matuta ya Gede nayavuka kwa mshazari, tairi moja moja, na matatu nyuma yangu wanapiga honi. Viti vya nyuma ni vya watoto na mizigo. Plastiki za ndani ukizigonga kwa ukucha utajua bei ilipunguziwa wapi. Na lililo zito zaidi: Januari 2017 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, waliipa Mustang nyota 2 kati ya 5, na abiria wa nyuma ni miongoni mwa sababu. Toleo lililoboreshwa baadaye mwaka huo likapata 3. Mimi wanangu huwachukua kwa gari la mama yao, na mwenye familia ya gari moja simshauri anunue hili hata kidogo.

Chumvi ya bahari nayo haina mchezo. Bonet ni ya alumini, haitashika kutu nyekundu, lakini rangi ikikwaruzika chumvi hupenya chini yake ikaivimbisha. Kila Ijumaa nalimwagia maji yasiyo na chumvi chini na juu, ya kisima siyatumii kwa sababu yana chumvi yake.

Na ukiagiza kutoka Uingereza, lipandishe jeki siku linapotoka bandarini, kabla hujaliendesha popote. Kule wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu. Langu tulilikuta na madoa ya kutu kwenye bolti za nyuma. Yalisuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu Mombasa, ndipo likaanza safari ya kuja nyumbani.