Uzoefu wangu: kubadilisha wayaringi yote ya nyumba ya zamani, Tanga

Kwa miaka kama saba friji ya mama yangu ilikuwa haifunguliwi peku. Mgeni akifika, hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo, anaambiwa: "Ukitaka maji ya baridi, vaa kandambili kwanza." Ilikuwa utani wa nyumbani. Siku mtoto wa dada yangu alipotoka kuoga uani, maji yanamchuruzika, akashika mkono wa friji na kurushwa mpaka kwenye ndoo, utani ukaishia hapo.

Nyumba iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mbele ni nyumba ya Kiswahili hasa, miti na udongo iliyopigwa plasta ya saruji, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nyuma kuna jiko na vyumba viwili vya tofali ambavyo marehemu baba aliviongeza baadaye. Umeme uliingizwa miaka ya sitini, siku ambazo kituo cha Hale kwenye mto Pangani kilikuwa bado kipya (kilianza 1964, megawati 21). Tangu hapo kila mwenye bisibisi amepita humo ndani na kuacha alama yake.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuwa wa mtaani, ameletwa na jirani. Akaiangalia friji, akageuza plagi, akafunga selotepu nyeusi mahali, akachukua elfu thelathini yake. Wiki mbili friji ikarudia tabia. Huyo sina zaidi la kusema juu yake.

Wa pili ndiye ninayeandika habari zake hapa. Simtaji jina kwa kuwa hakuniomba nimtangaze, na pia nina malalamiko yangu mawili. Nilimwomba leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, akaitoa kwenye mfuko wa shati bila kununa. Siku ya kwanza hakuja na waya hata mita moja. Alikuja na tochi, ngazi, na kile kipimo wanachokiita mega, cha kupima kama gamba la waya bado linazuia umeme usivuje, akazunguka nyumba saa tatu nzima. Mimi nimekaa barazani najiuliza kazi inaanza lini. Kumbe kazi ilikuwa imeshaanza.

Aliyoyakuta nitayaeleza, maana yeyote mwenye nyumba ya umri huo huenda anayo yote.

Nyaya za mbele zilikuwa za gamba la mpira, zimepigiliwa juu ya vibao kwa klipu. Aliukunja mmoja kwa vidole viwili mbele yangu, gamba likavunjika vipande kama mkate uliokaushwa juani, vikamwagika sakafuni. Ndani shaba imebaki uchi, imepakwa bati, inang'aa. Sasa fikiria nyaya kama hizo zinapita juu ya dari ambako panya wana mji wao.

Kwenye bodi kulikuwa na fyuzi za kauri, mbili kwa kila laini: moja kwenye waya wenye moto, nyingine kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme. Ndivyo walivyofunga zamani. Ubaya wake ni kwamba fyuzi ya nyutro ikikatika peke yake, taa inazimika, unadhani umeme hakuna, kumbe waya ule mwingine bado umebeba volti 230 zake kamili. Zaidi ya hapo, fyuzi moja haikuwa na waya wa fyuzi tena. Ilikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa, nene kama kijiti cha kiberiti. Nikajua mkono wa nani. Baba hakupenda kusumbuliwa na fyuzi zinazokatika katikati ya taarifa ya habari.

Na friji je? Friji haikuwa na kosa kubwa. Waya wa ethi wa nyumba nzima, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umefungwa kwenye bomba la maji la chuma, likazama ardhini, na kwa miaka mingi likafanya kazi yake sawasawa. Halafu bomba la kuingilia likabadilishwa, likawekwa la plastiki. Maji yakaendelea kutoka, mama akashukuru, na hakuna aliyekumbuka kwamba siku ile ethi ya nyumba imekufa. Kila kilichokuwa kinavuja kidogo kidogo kikawa hakina pa kwenda, kinamsubiri mtu mwenye miguu mibichi.

Mega aliipiga kwa volti 500 kwenye laini ya vyumba vya mbele. Inatakiwa isome angalau megaomu 1. Ilisoma 0.04. Akanionyesha kioo, hakusema kitu, akaandika kwenye daftari.

Bei: ufundi 1,400,000, vifaa vikafika karibu 2,900,000. Tulikubaliana malipo mara tatu: mwanzo, nyaya zikishapita kabla ya plasta, na mwisho baada ya vipimo. Aliniahidi siku tisa za kazi. Zikawa kumi na saba.

Vifaa nilinunua mwenyewe, na hapa nilipata somo. Roli ya waya unaouzwa kama shaba, fundi aliukwangua kwa kisu pale pale kaunta. Juu rangi ya shaba, chini mweupe: alumini iliyopakwa rangi. Duka la pili waya ulikuwa shaba kweli, lakini fundi akaibeba roli mkononi, akaipima kwa kuirusharusha, akaenda nayo duka la mchele la jirani kuomba mzani. Hesabu yake ni nyepesi: waya wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita 100 una shaba tupu ya kilo mbili na robo hivi, ukiongeza gamba inakaribia tatu. Ile yetu haikufika hata mbili na nusu. Ama waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa, ama mita hazikutimia. Mwenye duka akaanza kutuita wasumbufu, ila hela akarudisha. Tulinunua duka la tatu.

Kupitisha nyaya ndiko kulikochelewesha. Vyumba vya nyuma, tofali, hakuna shida: grinda, tindo, paipu ndani ya ukuta, plasta. Vumbi lake sitalisahau. Niliosha mapazia mara mbili na bado makabati yana unga. Mbele, kwenye udongo, ukitia tindo ukuta unatoka kipande kizima na fito zinachungulia. Alijaribu mahali pamoja, akaacha. Huko akapitisha kila kitu kwenye mifereji myeupe ya plastiki juu ya ukuta. Sio pazuri kwa macho, mama alinung'unika kwamba nyumba imekuwa kama ofisi ya kata. Mimi naona alifanya vyema kuliko kumomonyoa ukuta uliokwisha kula miaka sitini.

Jambo moja nililolipenda kupita yote: paipu za ukutani zote zimepanda wima au kulala, hakuna iliyokatiza mshazari. Alisema anayegongomelea msumari kesho anatakiwa aweze kubuni waya ulipo kwa kuangalia tu swichi. Kabla ya plasta akanilazimisha nipige picha kila ukuta, futi kamba imenyooshwa kutoka kona. Nilimwona mtu wa makuu. Miezi minne baadaye seremala alikuja kutundika kabati la jikoni, nikafungua simu, tukahamisha tundu moja sentimita kumi kushoto. Picha zile nimezituma kwa ndugu zangu wote, maana simu hupotea.

Bodi mpya ina breka, kila laini na yake: taa laini mbili za waya wa 1.5, soketi laini tatu za 2.5, hita ya bafuni ina waya wake wa 4, na AC ndogo ya chumbani kwa mama (BTU 9,000) haichangii na mtu. Ndani ya mlango wa bodi kabandika karatasi: namba ya breka, vyumba, siku ya kazi, vipimo. Mega sasa inasoma zaidi ya 200 kila laini. Ethi ni fimbo mbili zilizopakwa shaba, zimezikwa uani karibu na pale maji ya kufulia yanapomwagikia, udongo hauko mkavu kamwe. Moja aliipima, hakuridhika, akaongeza ya pili.

Sasa kosa langu. Alitaka kuweka RCD mbili, ile swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu. Moja ya mbele, moja ya nyuma. Nikaona gharama zimezidi, nikasema iwekwe moja. Wiki ya kwanza tu, alfajiri, mama yuko kwenye swala, nyumba nzima giza. Akarudisha, ikakaa, jioni giza tena. Siku ya tatu akanipigia Dar: "Hizi nyaya mpya za milioni nne ndizo zinazonilaza gizani? Za baba yako zilikuwa haziniachi."

Fundi alikuja siku ile ile, bila kudai nauli. Akachomoa kila kitu, akawa anachomeka kimoja kimoja. Friji, sawa. TV, sawa. Ikafika zamu ya pasi, tap, giza.

"Bibi, shikamoo tena," akasema, "mgonjwa ni huyu."

Mama hakukubali. Pasi hiyo ni ya siku nyingi, inanyoosha vizuri, haijawahi kumdhuru mtu. Fundi akaweka mega kwenye plagi ya pasi, akamwonyesha namba. "Ilikuwa inavuja siku zote. Zamani hapakuwa na wa kuisema."

Kwa hiyo RCD ya pili niliinunua, na nikalipa ufundi wake mara ya pili, kwa ukaidi wangu. Sasa pasi ya mtu ikivuja uani, sebuleni taa zinawaka. Kile kitufe cha T, cha kuijaribu RCD, anakibonyeza mama mwenyewe kila mwanzo wa mwezi, na kupiga simu kuniambia amekibonyeza.

Aliuliza pia, kama kila mtu anavyouliza, LUKU itapungua kiasi gani. Fundi mwingine angemdanganya. Huyu akamwambia haitapungua kitu cha kuona, friji ni ile ile. Hajakosea, miezi kumi na nne sasa, units zinakwenda vile vile.

Malalamiko ya kwanza ni jikoni. Jiko letu lilikuwa linatoa moshi kwa matundu ya hewa, lakini tulipohamia gesi na kuziba madirisha nyavu na vioo, mvuke ukawa hauna njia. Nikaomba feni ya kutoa hewa na bomba lake. Feni ilifungwa, ikanguruma, nikaridhika. Mwezi wa tatu dari ya jikoni ikaanza kutoa madoa ya njano. Nikapanda ngazi mwenyewe: bomba, lile la karatasi ya alumini la kukunjika, liliishia juu ya dari. Halikutoka nje kabisa. Mvuke wote wa wali na mafuta yote ya samaki yalikuwa yanatulia juu ya vichwa vyetu, kando ya nyaya mpya kabisa. Nilimpigia kwa hasira. Akasema kazi ya bomba alimwachia msaidizi, hakupanda kukagua. Alirudi akaweka bomba gumu la inchi sita, lina kona moja tu, likatoboa ukuta wa nyuma, mdomoni kifuniko kinachofunguka feni ikiwaka na wavu wa kuzuia popo. Bure, lakini dari nilipaka rangi kwa hela yangu. Ukifungiwa feni ya jikoni, usisikilize mlio wake. Toka nje uweke mkono kwenye tundu, usikie upepo unatoka.

La pili ni nyaya za zamani. Shaba yote ile, ya nyumba nzima, nilikuta imeondoka na wasaidizi siku ya nne. Shaba chakavu ina bei, na hatukuwa tumeongea ni ya nani. Nilipouliza nikajibiwa kwamba ni desturi ya kazi. Huenda ni desturi kweli. Lakini ingetosha kulipia RCD niliyoikataa, basi mwambie fundi wako mapema, na uiandike kwenye makubaliano.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata nusu kwa bomba na nusu kwa shaba. Nikipata hela Desemba namwita tena akabadilishe laini ya choo cha uani, ambayo ndiyo pekee imebaki ya zamani na kwa sasa imezimwa kwenye bodi. Ila uwe na subira: simu anapokea usiku tu, na siku tisa zake zihesabu kuwa kumi na saba. Kama una harusi wiki ijayo na unataka taa barazani, tafuta mwingine.