“Utazoea, mama”: uzoefu wangu na miwani iliyokatwa vibaya Arua

Niseme mapema: kwa miwani niliyonayo sasa naona vizuri, fremu ni imara, na shilingi 280,000 kwa fremu na lenzi si bei mbaya kwa Arua, hapa Uganda. Duka silitaji, maana mwishowe walirekebisha. Ila namna walivyonizungusha mpaka tukafika hapo, hiyo ndiyo imenifanya niandike. Nawajua watu hapa mjini waliokata tamaa njiani, miwani ikabaki kabatini.

Mimi ni fundi cherehani. Dukani nilivaa, nikatazama barabarani, nikaona boda na mabango, nikasema sawa. Taabu ilianza mezani kwangu. Rula ya mbao ilionekana imelala upande. Nikifumba jicho la kulia, namba za futi kamba zinaota kivuli, 8 na 3 sizitofautishi. Chaki niliyochora mimi mwenyewe nikaitilia shaka. Mchana ukifika, kichwa kinagonga.

Nikarudi. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake zote, akaniambia: “Utazoea, mama. Miwani mpya ni kama viatu vipya.”

Si uongo mtupu. Nambari ikibadilika, macho na ubongo huhitaji siku kadhaa, wengine hata wiki mbili. Lakini kuzoea huonekana: kila siku taabu inapungua kidogo. Yangu ilikaa palepale, tena jicho moja tu. Jicho la kulia safi, la kushoto hovyo. Hapo ndipo nilipoacha kulaumu macho yangu.

Nikapeleka miwani kliniki ya macho hospitalini, wakaiweka kwenye lensomita. Mashine hiyo haikuulizi unaona nini. Inaisoma lenzi yenyewe. Jicho langu la kushoto halina shida nyingine ila astigmatizimu, yaani jicho halijapinda sawasawa pande zote, na nguvu ya lenzi ya kuirekebisha, wanayoiita silinda, waliipatia: 1.50. Mhimili, yaani upande ambao nguvu hiyo inaelekezwa, unaopimwa kwa nyuzi (digrii), ndio uliokosewa. Karatasi ya vipimo inasema 15, lenzi imekatwa 150.

Mhudumu alitazama karatasi akatikisa kichwa. Aliyeandika aliweka kile kiduara cha digrii juu ya 15, na huko Kampala duka linakokatisha lenzi, kiduara kikasomwa sifuri. Kumbe kosa hili linajulikana kwenye fani yao, ndiyo maana wengi hufundishwa kuandika namba tupu bila alama. Akanieleza pia kwamba mhimili ukikosewa kwa nyuzi 30, silinda haikusaidii tena chochote, na ukizidi hapo inakuharibia. Mimi nilikosewa kwa nyuzi 45, kwa sababu mhimili ukifika 180 huanza upya: toka 150 mpaka 180 ni 30, ongeza 15. Yaani jicho hilo lilikuwa linaona vizuri zaidi bila miwani. Nikamwomba aniandikie kila kitu, apige na muhuri.

Kwa nini muhuri? Kwa sababu “naona vibaya” ni neno la mteja dhidi ya neno la duka. Namba mbili zisizolingana hazina mjadala.

Safari hii nilimtaka mwenye duka. Kwanza akanionyesha chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, mzee wangu, maneno hayo nimeyaona nikiwa nimeshalipa, na tena sijabadili mawazo kuhusu rangi ya fremu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo yake na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Kazi ya miwani yangu iliandikwa kwenye karatasi yao wenyewe, kwa sababu vipimo nilichukuliwa humo humo dukani.

Kisha akasukuma lawama Kampala. Mimi sina mkataba na karakana ya Kampala, pesa nimempa yeye, na ujumbe wa malipo ya simu uko. Mwisho akasema lenzi hizo zimekatwa kwa ajili yangu, hawezi kumwuzia mwingine. Hapo, nakiri, sauti ilipanda kidogo. Zimekatwa kwa ajili ya nani, wakati jicho langu halina 150?

Akaniahidi punguzo kwa miwani ya pili. Wengi hunaswa hapo: unalipa tena, nusu bei, kwa kosa la mwingine. Nikakataa, nikaacha barua fupi yenye tarehe nikisema naikataa miwani na sababu zake, mfanyakazi akasaini nakala yangu. Hii msiidharau. Ukikaa na bidhaa muda mrefu kimya, sheria inakuhesabu umeikubali.

Nilimwambia pia, kwa upole, kwamba nikishindwa hapa nakwenda mahakamani kwenye utaratibu wa madai madogo. Upo tangu kanuni za 2011, unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama kumsemea mtu, kwa hiyo gharama si ya kutisha. Mtu alinishauri niende UNBS, shirika la viwango la Uganda. Hao ningewaendea kama lenzi ingekuwa bandia au haina ubora. Yangu ilikuwa lenzi nzima kabisa, imekosewa tu kukatwa.

Sikufika mahakamani. Walipiga simu, lenzi ya kushoto ikakatwa upya bila malipo, na nilipoichukua nilidai waisome kwenye lensomita mbele yangu kabla sijaondoka. Ikatoka 15. Nilitaka na nauli za boda zirudishwe pamoja na ada ya kliniki. Ada walilipa, nauli wakacheka. Gauni mbili za harusi nilizochelewesha hakuna aliyeniuliza.

Kwa bidhaa nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa huduma, mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule kijana wa kaunta, aliyenipigia mwenyewe kunijulisha lenzi imefika.