Meza yangu ya mkongo imetoka na wingu, naambiwa "mti ndo ulivyo"

Jamani naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna karakana moja pale Keko, jina silitaji, niliwapelekea mbao za mkongo za marehemu baba zilizokaa stoo miaka mingi wanichongee meza ya chakula. Kwenye useremala sina neno, viungo vimekaa, meza haichezi hata uikalie. Shida ni finishingi.

Nimeenda kuichukua, ni kipindi cha masika mvua inakata inarudi, joto la Dar lile la nguo kukugandia mgongoni, naikuta meza katikati ina wingu jeupe kama mtu kamwaga maziwa akafuta na tambara bovu. Napitisha kidole halitoki, liko ndani ya vanishi. Mbao nyeupe pengine ingelificha, ila mkongo ukishapigwa klia, yaani vanishi isiyo na rangi, unakolea, doa lolote linakutazama. Namuuliza kijana aliyepuliza, hiki nini? Macho yako kwenye simu, hata hakuyainua. "Sista, mti ndo ulivyo huo." Nikamwambia mbao nimezileta mimi nazijua. Akasema, mbele za watu, "Basi kama unajua kuliko fundi si ungepuliza mwenyewe." Na hela yangu yote ishaingia mfukoni kwao!

Mti gani unaota ukungu juu ya vanishi? Mtu anayeshika bunduki ya kupulizia katika mji huu anatakiwa alijue hili kabla ya kitu kingine chochote: tina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi, ikiwa ya kukauka haraka inapopaa inaupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua pale na kunaswa, ndo huo weupe. Hupulizi mvua imetoka kunyesha, na kama mteja anakukimbiza unatia tina ya kuchelewesha kukauka, kazi imeisha.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anachonga vitanda humo humo. Shikamoo mzee, marahaba mama, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza, akagusa kwa kucha, akasema tusubiri jua. Siku jua lilipotoka la kuchoma kweli akachukua ile tina ya taratibu akapuliza kwa mbali, kidogo sana, meza haikulowana hata. Wingu likaanza kuliwa kutoka pembeni likienda katikati huku nalitazama hadi likaisha! Akanieleza kwamba imewezekana kwa kuwa vanishi hii ikikutana na tina inalainika tena na unyevu unapata njia ya kutoka, ingekuwa ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, tungekwangua yote. Hapo moyoni nishawapa nyota tano na kabati la nguo naleta.

Sasa subirini. Wingu limeondoka, ndo naona lilichokuwa linafunika. Mikwaruzo ya duara duara ya mashine ya msasa, meza nzima! Inavyoonekana walipita na msasa mkali wa namba 80 wakarukia ule laini wa 240, na msasa laini haufuti mikwaruzo ya namna hiyo, unaing'arisha tu ikae vizuri zaidi. Ukisimama kawaida huioni. Washa tochi ya simu uilaze pembeni ya mbao halafu angalia, utalia. Na hii haina dawa ya kupuliza, ni kukwangua klia yote urudi kwenye mbao, uanze upya 120, 180, 240, umalizie kwa mkono ukifuata nyuzi, na kabla ya vanishi unafuta na tina uone kama kuna mstari umebaki. Nimemwambia kijana, ananijibu hiyo ni kazi mpya, lete elfu 80. Elfu 80 nimlipe kwa kufuta alichokichora yeye!

Nilivyoanza kuandika nilitaka niseme msikanyage kabisa. Lakini kuchonga wanajua, siwezi kusema uongo, kwa hiyo labda wapeni mbao wachonge, mchukue meza ikiwa mbichi haijaguswa na vanishi mkatafute mtu wa kupuliza kwingine. Au nendeni mkamwombe mzee awapulizie. Ila hapana, nako ni bure, maana mwenyewe kaninong'oneza vanishi hapewi, anapewa yule kijana kwa sababu ni shemeji yake bosi. Basi msiende. Elfu 80 sijatoa na sitoi.