Aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) imetuna tumboni: tumbo lifunguliwe au stenti (mrija wa kuwekwa ndani ya mshipa)?
Hili swali haliishi, uvimbe ushafika sentimita 5.5 basi watu wanaanza kubishana. Mwanzoni stenti ya kupitishia kwenye paja, ile ya daktari Parodi wa Buenos Aires 1990, inashinda: utafiti wa EVAR 1 kule Uingereza, vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji vilikuwa 1.7% kwa stenti, kufungua 4.7%. Ila matunzo sasa! Vipimo maisha yote maana damu inaweza kuvuja pembeni ya stenti uvimbe ukaendelea kukua. Kufungua ni maumivu ila ukipona umetulia, japo mara chache sana, hata miaka baadaye, mshipa bandia ulioshonewa humo unatoboana na utumbo, ukitapika damu kimbia hospitali. Moyo na mapafu mabovu, stenti. Uko fiti na CT skani za kufuatilia huko kwenu ni shida, usikimbilie stenti.